Dawa ikivunjwa na jua inakuwa nini?

Kwenye majaruba ya mpunga huambiwa hivi: "Jua lote hili, dawa ya wadudu itaisha yenyewe." Kwa pareto ni kweli. Sumu ya maua haya yanayolimwa Iringa, Mbeya na nyanda za juu za Kenya haimalizi siku juani. Udhaifu huo ndio uliowasukuma Michael Elliott na wenzake wa Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo Uingereza, kutengeneza permethrini mwaka 1973: nduguye pareto wa kiwandani, anayestahimili mwanga. Mkulima alifurahi. Uduvi na samaki hawakupata nafuu, maana kwao permethrini ni sumu kali hata kwa kiasi kidogo mno, na hupenda kunata kwenye tope, ambako mwanga haufiki.

Kinachokata dawa ni mionzi ya urujuanimno. Molekuli ikiinyonya, hupata nguvu ya kuvunja vifungo vyake. Lakini tabaka la ozoni angani huzuia karibu mionzi yote yenye urefu wa wimbi ulio chini ya nanomita 290, kwa hiyo dawa isiyonyonya mwanga wa mawimbi marefu kuliko hayo jua haliigusi moja kwa moja. Hiyo husubiri msaada wa mboji iliyoyeyuka, ile inayoyapa maji rangi ya chai: mboji hunyonya mwanga na kuzalisha oksijeni kali inayoishambulia dawa. Ajabu ni kwamba mboji hiyohiyo huweka kivuli, na tope ndiyo zaidi. Imidaklopridi, dawa nyingine ya wadudu, huvunjika kwa saa chache kwenye maji maangavu ya maabara. Kwenye mfereji wa baada ya mvua, usiyahesabu masaa hayo.

Halafu kuna fipronili, nayo ni dawa ya wadudu, ambayo mimi naiogopa kuliko zote. Kwenye maji safi, jua huipunguza kwa nusu kwa takriban saa nne. Inavutia, sivyo? Mwanga huing'oa salfa na oksijeni yake, kinachobaki huitwa desulfinili, na sumu yake haijapungua, ila inadumu zaidi ya mama yake. Mabuu ya wadudu wa majini, chakula cha samaki wadogo, huendelea kufa wakati karatasi ya vipimo inaonyesha fipronili imekwisha.

Kwa hiyo ukipeleka maji maabara, taja dawa iliyopuliziwa na uombe wapime mabaki yake pia, hasa desulfinili kama ni fipronili. Wasipoombwa, wengi hupima dawa yenyewe tu.