Ngoma inafia njiani kabla haijafika kwenye aplikesheni

Juzi kati alikuja dogo mmoja wa Igoma, hapa hapa Mwanza, ofisini kwetu, simu mkononi, uso umekunjamana, anasema FL Studio Mobile yake, ile aplikesheni ya kutengenezea muziki, imegoma kupokea ngoma. Nikamwambia kaa kwanza mdogo wangu tuone. Kumbe ngoma yenyewe aliipiga babu yake huko Magu, binamu ndo akarekodi kwa voisi noti ya WhatsApp, dogo akaipokea akaisukuma kwa rafiki yake mwenye laptopu, rafiki akaigeuza iwe MP3, ikarudi tena WhatsApp, afu sa hivi anashangaa mbona ngoma ya babu inalia kama mtu anagonga boksi tupu la samaki ndani ya gari lililofungwa vioo.

Aplikesheni ilikuwa haina kosa lolote. Mi ni mwalimu wa sauti kwenye chuo kimoja hapa jijini na moja ya kazi zetu ni kuwasikiliza watu wa mtaani wanaotengeneza midundo kwa simu, maana prodyuza wengi wa Mwanza siku hizi hawaanzi na studio, wanaanza na simu. Na karibu kila anayekuja kulalamika kwamba programu inamkatalia sampo, yaani kipande cha sauti alichorekodi, ukifuatilia unakuta sampo iliharibika huko huko njiani, kabla hata hajabonyeza kitufe cha kuingiza. Kwa hiyo leo naomba tuifuate hiyo safari, kuanzia ngozi ya ngoma mpaka kwenye pedi, vile vitufe vya kwenye skrini unavyogonga kutoa milio.

Tuanze na hiyo voisi noti, maana ndo muuaji mkubwa. Voisi noti imetengenezwa kwa ajili ya maneno, mtu akwambie mama kafika salama, basi. Kwa kawaida inachukua sauti kama mara 16,000 kwa sekunde, na kanuni ya sauti ya kidijitali inasema unabaki na nusu yake tu, yaani chochote kilicho juu ya hezi 8,000, yaani mitetemo 8,000 kwa sekunde, kinakatwa. Sasa ule mlio wa fimbo inapogusa ngozi, na njuga za miguuni, vinaishi sana huko juu. Ukikata huko, ngoma inabaki na tumbo bila mdomo, na njuga zinageuka kuwa mchanga unaomwagwa kwenye karai. Ukishakata ndo umekata, usije ukadanganywa kwamba ukiigeuza iwe WAV, yaani faili la sauti lisilobanwa, inarudi. Kugeuza kunabadilisha nguo tu, kilichopotea hakirudi.

Rekodi kwa kinasa sauti cha simu, ingia kwenye mipangilio yake utafute ubora wa juu, kama kuna WAV chagua WAV. Kwenye iPhone ile programu ya Voice Memos ina sehemu ya kuchagua Lossless, iwashe. Simu nyingi za Android zenyewe zinahifadhi kwa M4A, sio mbaya sana ukiweka ubora wa juu, utaigeuza kuwa WAV baadaye na itakuwa na uhai kuliko voisi noti mara mia. Ila ukikuta simu yako inahifadhi kwa AMR hiyo achana nayo, tafuta kinasa kingine, hiyo ni ya simu za kuongea tu.

Na kutuma je? Tuma kwa WhatsApp hiyo hiyo lakini kama dokyumenti. Bonyeza ile alama ya kuambatanisha, chagua dokyumenti, tafuta faili lako, tuma. Likienda hivyo linafika jinsi lilivyotoka. Watu wananiambia mwalimu WAV inakula bando. Hebu tupige hesabu basi. WAV ya kawaida ya CD inachukua vipimo 44,100 kwa sekunde, kila kipimo biti 16, ambayo ni baiti 2, kwa hiyo sekunde moja ya mono, yaani njia moja tu ya sauti, ni baiti 88,200. Kishindo kimoja cha ngoma kikiwa cha nusu sekunde, hapo ni kama KB 44. Ukiwa na milio 30 ya hivyo hufiki hata MB moja na nusu. Picha moja ya harusi inakula zaidi ya hapo. Halafu weka mono, ngoma moja iliyorekodiwa na maiki moja ya simu haina sababu ya kuwa stirio, utabeba mzigo mara mbili bure.

Kuna jambo la MP3 ambalo wengi hawalijui na mi mwenyewe lilinisumbua muda mrefu. Faili likigeuzwa kuwa MP3 linaongezewa kipande kidogo cha ukimya mwanzoni, ndivyo mfumo wenyewe ulivyo. Kwa LAME, ambayo ndo inatumika na programu nyingi za kugeuza, ukija kulifungua unaweza kukuta ukimya wa vipimo kama 1,105, karibu milisekunde 25. Ukisikiliza wimbo hutambui. Sasa chukua singeli ya mwendo wa 200 kwa dakika: dundo moja ni milisekunde 300, ukiligawa kwa nne unapata 75. Kiki yako, lile dundo zito la chini, imechelewa 25, yaani theluthi nzima ya kile kipande kidogo kabisa cha mdundo! Ndo maana dogo anapanga pedi zake vizuri kabisa kwenye gridi, ile mistari ya muda ya kwenye skrini, macho yanaona ziko sawa, masikio yanasema hapana, anaanza kuilaumu simu ina RAM ndogo. Simu haina shida, ni ukimya.

Kwa hiyo kabla ya kuingiza, fungua kila mlio, kuza lile wimbi mpaka uone mahali ngozi inapoguswa, ukate palepale. Usiache nafasi ya adabu. Mwishoni we acha mlio ufe wenyewe halafu ufifishe kidogo, ukikata ghafla utasikia tik, na hiyo tik itajirudia mara mia kwenye wimbo mpaka uichukie. Ukiona vichwa vya wimbi vimekuwa bapa kama vimekatwa na panga, hiyo sauti ilizidi maiki, rudia kurekodi ukiwa mbali zaidi, mita moja, mita mbili. Programu za kujaribu kuiponya zipo, ila hairudi kama ilivyokuwa.

Haya sasa kuingiza kwenyewe, ambako watu wanadhani ndo kazi, kumbe ni dakika mbili. Kwenye FL Studio Mobile sauti zako zinakaa kwenye folda inaitwa My Samples, na ukishaziweka hapo unafungua chombo cha Drum Sampler unaipa kila pedi mlio wake. Shida ni kwamba video nyingi za mafunzo ni za zamani, zinakwambia ingia kwenye folda ya Android, kisha data, bandika mafaili humo. Kuanzia Android 11, iliyotoka 2020, mlango huo ulianza kufungwa, programu moja hairuhusiwi kuchungulia chumba cha mwenzake, we unabandika weee hamna kinachotokea. Tumia kitufe cha kuingiza kilicho ndani ya aplikesheni yenyewe, itakufungulia mafaili ya simu, unachagua, kwisha. Kama ulipakua mafaili yakiwa yamefungwa kwa zip, yafungue kwanza, aplikesheni nyingi hazisomi kilicho ndani ya furushi.

Koala Sampler ni rahisi kuliko zote kwa mtu anayeanza, ina nafasi za milio 64, unaweza kurekodi moja kwa moja kwa maiki ya simu au kuleta faili lako, mi wanafunzi wangu nawaanzishia hapo. BandLab ni ya bure na ina sampla yake ya kuwekea milio yako. Wenye iPhone wanaotumia GarageBand, weka mafaili kupitia programu ya Files, kwenye folda ya GarageBand, ila ujue sampla yake inatandaza mlio mmoja kwenye kinanda kizima, kila kitufe kinaupandisha au kuushusha sauti yake, kutoka nene hadi nyembamba, sio seti ya ngoma yenye pedi tofauti tofauti. Kwa ngoma moja ni raha, kwa bendi nzima ya babu utachoka.

Majina ya mafaili yasikuumize kichwa lakini usiyaache vilevile. Ukiwa na AUD-2024 na namba kumi na tano mbele yake mara arobaini, siku ya kazi utakuwa unabonyeza moja moja kama mtu anayetafuta funguo gizani. Andika ngoma_kubwa_wazi_01, ngoma_kubwa_bana_01, bila alama za ajabu ajabu.

Hiyo wazi na bana nimeitaja makusudi. Mpigaji wa ngoma ana pigo la kuuacha mlio utoke na pigo la kuubana kwa kiganja. Ukirekodi yote mawili ukayaweka kwenye pedi mbili, pigo la wazi litaendelea kulia hata baada ya la kubana kupigwa, kitu ambacho kwenye ngoma moja hakiwezekani, ngozi ni moja jamani. Sampla nyingi za ngoma zina sehemu imeandikwa choke, ziweke pedi hizo mbili kundi moja, ya pili ikipigwa inaikata ya kwanza. Na rekodi kila pigo mara nne au tano, dogo dogo na kubwa kubwa, usitumie moja tu kwa wimbo mzima. Mlio uleule ukijirudia sawasawa unakuwa cherehani.

Wakati wa kurekodi kwa sisi wa huku ziwani ni asubuhi. Jua likipanda upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, na maiki ya simu ikipigwa na upepo inatoa mngurumo kama lori la Buhongwa linapanda mlima. Na ukiwa Kirumba pale Mwaloni saa za soko usijaribu kurekodi ngoma, ila kama unatafuta milio mingine pale pana utajiri, kasia kwenye ubao wa mtumbwi, kreti la plastiki linapotupwa, dagaa wakavu wanapomiminwa, huo mlio wa mwisho ukiukata vizuri ni kayamba tosha.

Ukiwa unapiga pedi tumia hedifoni za waya. Za bluetooth zinachelewesha, mara nyingi zaidi ya milisekunde 100, utadhani vidole vyako ndo vina usingizi.

Sasa niseme la kwangu. Mwaka fulani simu ilijaa, nikafuta aplikesheni ya muziki nikijua nitaipakua tena kesho yake. Nikaipakua kweli, ikaja tupu. Android ukifuta aplikesheni inafuta na ile folda yake ya ndani, na humo ndimo zilikuwa sampo zangu zote za miezi sita, ikiwemo ngoma niliyorekodi kwa mzee ambaye sasa ni marehemu. Nyimbo zilizokuwa zinaitegemea zote zikawa mabubu. Tangu hapo faili la asili linakaa sehemu tatu, kwenye simu nje ya aplikesheni, kwenye fleshi, na mtandaoni, na ndani ya aplikesheni inaingia nakala tu.

Tena kuhusu wazee. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mpigaji kwa jinsi alivyopiga, na inagusa pia sanaa za jadi, kwa hiyo usidhani kwa kuwa ngoma ni ya kijijini basi haina mwenyewe. Muulize babu, mwambie inaenda wapi, mkubaliane chake ni kipi, ukiwa na mashaka ingia COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, ukaulize kabla wimbo haujatoka, sio baada. Na hizo seti za bure za kupakua mtandaoni, soma kibali chake, nyingine ni za bure kwa mazoezi tu. Mtu akitaka kuzielewa ngoma za Kisukuma zenyewe aende Bujora pale Kisesa kwenye makumbusho, ni karibu tu na mjini, ataona ngoma za kila umbo na ataacha kuita kila kitu kiki.

Turudi kwa dogo wa Igoma. Jumamosi tulienda naye Magu, saa moja asubuhi, hamna upepo, simu juu ya kigoda mita moja na nusu, WAV, mono, kila kitu nilichowaeleza hapo juu. Babu akapiga pigo moja moja kama tulivyomwomba, huku anatuangalia kama watu waliochanganyikiwa. Tukakata, tukasafisha, tukaingiza kwenye pedi palepale chini ya mwembe, dogo akamwekea hedifoni.

"Babu sikia, ndo hii yako."

Babu akasikiliza, akabonyeza pedi mwenyewe kwa kidole gumba, mara mbili, mara tatu. Akazivua.

"Mjukuu wangu, hii ngoma imelala."

"Imelala vipi babu? Mbona imetoka safi kabisa."

"Safi ndiyo, lakini ina umande. Mmenitoa ndani alfajiri mkasema piga, nikapiga. Nani anapiga ngoma haijaota moto?"

Akaenda jikoni akachukua nyasi kavu na mabua, akawasha, akaizungusha ngozi juu ya moto huku anaigonga kwa kidole na kutega sikio, kama dakika kumi hivi. Alipopiga tena, kuku waliokuwa uani walikimbia. Dogo akawasha kinasa upya. Kwenye simu yake sa hivi kuna folda mbili, moja ameiita ngoma_baridi na nyingine ngoma_moto, na ile ya baridi hakuifuta, anasema anaitumia kwenye nyimbo za taratibu.