Tenzi za kale darasani: tunayoyaamini na ukweli wenyewe

Walimu wa Kiswahili huku Mwanza tukikutana stori ni ileile, tenzi (au tendi, yale mashairi marefu ya kusimulia) ngumu, madogo hawazipendi, bora uwape notsi za sifa za utenzi wakariri wakajibu mtihani. Inaniuma, maana mengi tunayoyasema siyo kweli.

Eti tenzi ni mambo ya Pwani na ya dini, mtoto wa Kisesa au Ukerewe zinamhusu nini. Sawa, za dini zipo, Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728 unasimulia vita vya Waislamu na Herekali mfalme wa Rumi. Lakini ziwa letu hilihili lina tendi zake! Ukipanda meli usiku hapa Mwanza asubuhi uko Bukoba, na huko Wahaya wana enanga, msanii anapiga ala yake ya nyuzi huku anaimba habari za Kachwenyanja na za Mugasha mwenye ziwa na dhoruba zake. Profesa Mulokozi amezitafiti na kuziandikia sana. Hapo hapo inaanguka dhana nyingine, kwamba Afrika haina tendi, ambayo Ruth Finnegan aliitia nguvu mwaka 1970 kwenye kitabu chake cha fasihi simulizi. Wanafunzi wangu wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) huo mjadala wanaupenda kweli, wanabishana mpaka kengele inalia.

Eti lazima uanze na msamiati. Hapana jamani. Utenzi ni wa kuimbwa na kusikilizwa, ubeti una vipande vinne vya mizani (silabi) nane nane, vitatu vya mwanzo vinafanana vina (silabi ya mwisho) na cha nne kinashika kina kimoja mpaka mwisho wa utenzi, sasa mtoto akiusikia kwa sauti hata mara mbili tu mapigo yanamkaa bila wewe kuandika chochote ubaoni. Kikale cha Lamu, yaani Kiswahili cha zamani cha huko, anakijua polepole, akishataka kujua nini kilitokea.

Na kinachotokea ndio utamu wenyewe! Chukua Utenzi wa Fumo Liyongo alioutunga Muhamadi Kijumwa mwaka 1913. Shujaa yuko gerezani, mama yake anampikia mkate wa wishwa na tupa ya kukatia chuma ndani, walinzi wanaudharau wanampitishia, halafu nje watu wanacheza ngoma ya gungu kwa kelele yeye anakata minyororo. Baadaye mwanawe wa kumzaa anamchoma sindano ya shaba kitovuni akiwa usingizini, na Liyongo anafia kisimani kapiga goti, upinde mkononi, watu wanaogopa kuteka maji wakidhani yu hai. Nani kasema hii haina stori? Simulia hiyo kwanza, kisha soma, kisha ndio sifa za shujaa.

Urefu nao siyo hoja, chagua beti ishirini za gereza, zinatosha vipindi viwili.

Ila kuna kosa la upande wa pili, kuita kila wimbo mrefu utendi ili tuwafurahishe watoto. Nyimbo za Bagika na Bagalu, vile vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, ni hazina kubwa ya Wasukuma, lakini nyingi ni za mashindano ya ngoma, kujisifu na kumpiga kijembe mpinzani, wakati utendi unataka masimulizi ya shujaa na mambo makubwa ya jamii yake. Waambie walete wimbo mmoja toka nyumbani, wauweke pembeni ya Liyongo, waseme wenyewe unapungukiwa nini na una nini ambacho Liyongo hana.