Kapsuli 15 za amoksilini, vidonge vitatu vya azithromaisini

Swali ninaloulizwa sana kama mfamasia ni hili: kwa nini huyu kapewa kapsuli 15 za amoksilini na yule vidonge vitatu tu vya azithromaisini, ilhali wote wanaumwa kifua? Wengi huamua kwamba vile vitatu ndivyo vikali zaidi. Sivyo. Dawa hizi zinatofautiana kwa muda zinaokaa mwilini na kwa mahali zinapomshambulia bakteria.

Amoksilini ni ya ukoo wa penisilini. Bakteria anapokua na kugawanyika hana budi kujenga ukuta wa seli yake. Dawa hii hunata kwenye vimeng'enya vinavyouunganisha ukuta huo, ukadhoofika, maji yakaingia na bakteria akapasuka. Lakini sharti dawa iwemo mwilini kwa kiwango cha kutosha muda mrefu, na kwa mtu mzima mwenye figo nzima, nusu yake huondoka kwenye damu kwa saa moja na ushee. Ndiyo maana miligramu 500 huandikwa kila baada ya saa nane. Wengi wakisikia "mara tatu kwa siku" humeza saa 1 asubuhi, saa 7 mchana na saa 1 usiku, kisha saa 12 nzima zinapita bila dawa. Afadhali saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Chakula hakina shida nayo.

Azithromaisini haigusi ukuta. Inaingia kwenye ribosomu, mahali bakteria anapotengenezea protini, na kuisimamisha kazi hiyo. Mara nyingi haimuui papo hapo, bali humzuia kuzaliana hadi kinga ya mwili immalize. Hutoka upesi kwenye damu na kujikusanya ndani ya seli, zikiwemo seli nyeupe zinazoibeba hadi penye maambukizi, na huchukua karibu saa 68 kupungua kwa nusu. Ukimeza miligramu 500 mara moja kwa siku kwa siku tatu, kazi inaendelea siku kadhaa baada ya kidonge cha mwisho. Ukaaji huo una gharama yake: dawa inapoisha polepole, bakteria waliosalia hukutana na kiwango kidogo kisichowaua, na hapo usugu wa bakteria dhidi ya dawa hupata nafasi. Wapo wanaobadilisha kidogo tu sehemu ya ribosomu inaponata dawa, na azithromaisini haiwafai tena.

Kwa sababu hiyo mimi husimama upande wa amoksilini pale inapotosha. Shirika la Afya Duniani nalo limeiweka kwenye kundi la dawa za kuanzia, na azithromaisini kwenye kundi la kutumiwa kwa uangalifu. Kwa tonsili zinazosababishwa na bakteria aitwaye streptokokasi, penisilini bado haijashindwa, ila dozi ni siku 10, kwa ajili ya kuukinga moyo na homa ya rumatiki. Azithromaisini ina pake pia: maikoplazma, bakteria anayeleta aina fulani ya nimonia, hana ukuta wa seli kabisa, hivyo amoksilini haina cha kumfanya. Mafua ya virusi hayaponi kwa yoyote kati ya hizi mbili.

Makosa mengi zaidi huwa kwenye amoksilini ya maji ya watoto. Gonga chupa kwanza unga uachane na kitako. Tia maji yaliyochemshwa yakapoa, karibu nusu ya kiasi kilichoandikwa, tikisa, kisha jaza hadi alama. Povu likitulia maji hushuka chini ya alama. Ongeza tena, la sivyo dawa itakuwa nzito kuliko ilivyokusudiwa. Tikisa kila unapotaka kumpa mtoto, kwa sababu unga huzama, na dozi za mwisho zitakuwa nzito huku za kwanza zilikuwa kama maji. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano; vijiko vya nyumbani havilingani. Mtoto wa kilo 12 mwenye nimonia, kwa miligramu 40 kwa kila kilo mara mbili kwa siku, anahitaji takriban miligramu 480 kila mara. Kwa chupa ya miligramu 250 kwa mililita 5, hiyo ni kama mililita 10. Kwa chupa ya miligramu 125, mililita hizo hizo 10 ni nusu dozi. Soma lebo kabla ya kupima.

Azithromaisini isimezwe pamoja na dawa za kutuliza asidi zenye alumini au magnesi. Acha saa mbili kati yake. Mwenye tatizo la mapigo ya moyo, au anayetumia dawa za moyo, aseme kabla ya kuandikiwa, kwa kuwa inaweza kuvuruga mapigo. Aliyewahi kuvimba midomo au kubanwa pumzi kwa penisilini asiguse amoksilini, hata kidonge kimoja. Ukisahau dozi ya amoksilini, imeze unapokumbuka. Ikiwa ya pili imekaribia, ruka iliyopita, wala usimeze mbili kwa pamoja.