Kodi ndogo haiufanyi mtaa kuwa nafuu

Julai imeingia, barua za uhamisho zinatoka, na simu ni ile ile: "Kaka, nimepangiwa Kigoma. Nitafutie chumba mtaa wa bei nafuu, popote pale, isivuke elfu arobaini." Nikiuliza utaripoti ofisi gani, mtu anaona namzungusha. Juzi mmoja amenikatia simu kwa swali hilo hilo. Nimechoka kulieleza kwa mdomo, acha niliandike.

Mimi ni dalali wa nyumba hapa mjini. Nalipwa kodi ya mwezi mmoja, maana yake chumba cha bei kubwa kinanilipa zaidi. Lijue hilo unaponisoma, na hesabu zote hapa chini zipige upya mwenyewe.

Watu wanaamini unafuu ni sifa ya mtaa: Gungu rahisi, Mwanga ghali, Ujiji rahisi kupita kote. Si kweli. Mtaa unakuwa nafuu kwa mtu fulani, anayekwenda mahali fulani kila asubuhi. Muuguzi wa Hospitali ya Maweni na mwalimu aliyepangiwa shule ya Ujiji, nikiwapeleka mtaa mmoja, mmoja wao nimemtia hasara. Tuseme umechukua chumba cha 40,000 huko ndani ndani, ukaacha cha 60,000 kilicho karibu na kazi. Bodaboda 1,000 kwenda, 1,000 kurudi, siku 26 za kazi: 52,000. Chumba chako cha arobaini kimeshakuwa cha tisini na mbili, na bado hujaenda sokoni. Anayeweza kutembea hadi Barabara ya Lumumba, lami inakopita daladala, akapanda anaokoa sehemu kubwa ya hela hiyo. Ndiyo maana nauliza umbali wa kufika lami kabla ya jina la mtaa.

Na umbali wa Kigoma usiupime kwa macho ya kiangazi. Mji umekaa kwenye vilima vinavyoshukia ziwani, na mvua zikishaanza, Oktoba au Novemba, ni mpaka Aprili au Mei. Njia uliyoishuka vizuri Julai, Januari boda anakugomea, anakushusha kwenye lami uvue viatu. Ukienda kukagua, inama uangalie ukuta wa nje karibu na msingi. Lipu iliyobanduka kwa mstari mmoja kuzunguka nyumba, tope lililokaukia kwenye fremu ya mlango, viroba vya mchanga vimelazwa kizingitini: hayo ni maji yalikopita. Kama rangi mpya imepakwa sehemu ya chini tu, ulizia kwa jirani, si kwa mwenye nyumba. Na tazama kama gari la kunyonya choo linaweza kufika. Kwenye miteremko mingi halifiki, na choo kikijaa, wapangaji ndio mnachangishwa kutafuta njia nyingine.

Sasa umeme, na hapa naomba subira, kwa sababu hili ndilo linaloumiza watu wengi bila wao kujua. Unaambiwa "umeme mnachangia, ni kidogo tu". Tanesco, shirika la umeme, ina daraja la watumiaji wadogo wa majumbani: uniti 75 za mwanzo kwa mwezi ni shilingi 100 kila moja, kabla ya kodi na tozo, na ukizidi hapo kila uniti ni 350. Mita inayozidi mara kwa mara inahamishiwa daraja la kawaida, ambako uniti ni 292 tangu ya kwanza. Chukua nyumba ya wapangaji wanne, kila mmoja anatumia uniti 40: taa, pasi, televisheni. Kila mmoja angekuwa na mita yake, angelipa 4,000. Kwenye mita moja ya pamoja zinakuwa uniti 160, mita imeshatoka daraja dogo zamani, kwa hiyo ni 46,720. Gawa kwa wanne: 11,680 kila mtu. Matumizi ni yale yale, bei karibu mara tatu.

Mwenye nyumba atakujibu, "Usijali, nimefunga submita," yaani mita ndogo ya kila chumba. Jibu hili linanikera kuliko yote. Submita inamaliza ugomvi wa nani katumia ngapi, basi. Umeme wote bado umenunuliwa kupitia mita mama moja, kwa bei ya mita mama. Nimeona watu wakilipa kodi ya juu kidogo kwa sababu ya submita, wakiamini wamenunua unafuu. Uliza swali moja tu: namba ya LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, ni yangu peke yangu? Kama ni yako, kumbuka pia kodi ya majengo inakatwa humo, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Kubaliana naye mapema airudishe kwenye kodi ya pango, maana baada ya kuhamia hakuna atakayekusikiliza.

Maji nitayapita haraka: fungua bomba mwenyewe, jioni, si asubuhi. Likitoa upepo, hesabu dumu za maji ya kununua. Dumu nne kwa siku, kila moja 200, ni 24,000 kwa mwezi.

Wanaovutiwa na vyumba vya karibu na ziwa, upande wa Kibirizi au Katonga, nawaambia hivi. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, Mto Lukuga, upande wa Kongo. Likijaa halishuki upesi, na miaka hii ya karibuni tumeliona likipanda mpaka kwenye kuta za watu. Halafu Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Chumba kilicho ndani ya mita hizo kodi yake ni ndogo kwa sababu nzuri kabisa, na siku mkiambiwa mhame, kodi uliyotanguliza utaifuata kwa nani?

Kuhusu Ujiji, wageni wengi wanaikataa kabla ya kuiona. "Uswahilini, kuna wizi." Sina kipimo cha wizi cha kumpa mteja, na dalali anayesema anacho, muogope. Ninachoona ni nyumba za zamani zenye korido katikati na uwani nyuma, watu wamekaa barazani mpaka usiku, na mgeni anajulikana siku ya kwanza. Hilo kwa mama mwenye watoto wadogo linaweza kuwa ulinzi. Kwa kijana asiyependa kuulizwa anakotoka, ni mzigo. Hapo nabaki na wasiwasi kila mara, kwa sababu ujirani siwezi kumkagulia mtu, na ndio unaowahamisha wengi kuliko kodi.

Kwa hiyo usikubali haraka kulipa miezi sita. Omba mitatu. Wenye nyumba wengi watakataa mara ya kwanza, lakini chumba kilichokaa wazi tangu Aprili kinazungumzika. Andikishaneni, weka kwenye karatasi nani anatengeneza choo na LUKU ni ya nani, mkasainiane mbele ya mwenyekiti wa mtaa.