Kabla hujasema XFS imeishinda ext4

Naletewa sana grafu za namna moja: pau nne za rangi za mifumo ya faili, yaani programu zinazopanga mafaili kwenye diski, ext4, XFS, Btrfs na ZFS, na chini yake swali, "Sasa kaka, seva mpya tuiwekee ipi?" SSD ya NVMe, diski ya kasi isiyozunguka, imenunuliwa kwa bei ya kuumiza na bosi anataka kuona kasi aliyoilipia. Mimi humrudishia mwenye grafu swali: hapo ulipima nini hasa? Enzi za diski za kuzunguka, diski ilikuwa nzito kiasi kwamba tofauti zote nyingine zilijificha nyuma yake. NVMe imeondoa kichaka hicho, na sasa kosa dogo tu la upimaji linaonekana kwenye grafu kama sifa ya mfumo wa faili.

Anza na dari ya PCIe, muunganisho kati ya diski hiyo na kompyuta. PCIe kizazi cha 3 yenye njia nne haifiki GB 4 kwa sekunde, cha 4 haifiki GB 8. Ukiona pau inasoma GB 15 kwenye diski ya vizazi hivyo, data hiyo haikutoka kwenye diski, ilitoka kwenye RAM. Linux hugeuza RAM iliyo huru kuwa kashe ya faili, kwa hiyo ukiandika faili la GB 4 kwenye seva yenye RAM ya GB 64, programu inaambiwa "tayari" pindi data inapotua kwenye RAM. Watu wa fio, programu ya kupimia diski, wanajua dawa yake, direct=1, inayofungua faili kwa O_DIRECT ili kuiruka kashe. Lakini hata hiyo ina mtego: OpenZFS kabla ya toleo la 2.3, lililotoka Januari 2025, ilikuwa inaipokea O_DIRECT bila kulalamika halafu inapitisha data kwenye kashe yake ya ARC kama kawaida. Grafu nyingi za zamani zinazoonyesha ZFS ikiipita XFS kwenye kusoma zinashindanisha RAM na diski.

Kisha iangalie data yenyewe. Ukiandika sifuri tupu kwa amri ya kunakili ya dd kutoka /dev/zero, ZFS iliyowashiwa mbano wa lz4 inazibana hadi karibu hakuna kinachobaki cha kuandika. Na faili lililotengewa nafasi kwa fallocate bila kuandikwa chochote, ukilisoma, ext4 na XFS zinakurudishia sifuri zenyewe bila hata kuiuliza diski. Namba zinakuwa tamu mno.

Diski mpya nayo inadanganya. SSD nyingi za kawaida, za TLC na QLC, yaani za biti tatu au nne kwa kila seli, huanza kwa kuandika biti moja tu kwa kila seli katika sehemu ya nafasi yake, kwa sababu ni haraka. Sehemu hiyo ikijaa, kasi inaporomoka. Jaribio la nusu dakika linaishia humo humo, sawa na kupima lori likiwa tupu kwenye mteremko. Mimi huijaza diski nzima kwanza, naijaza tena, ndipo napima, na napima kwa muda mrefu. Wakati huo naangalia joto kwa nvme smart-log, maana kidhibiti kikipata moto hupunguza mwendo chenyewe. Dar mwezi wa pili, kiyoyozi kikizima, mfumo wa faili uliopimwa mchana utashindwa na uliopimwa usiku.

Kuna kitu kimoja cha ext4 ambacho wengi hawakioni. Ukimaliza mkfs.ext4, amri ya kuutengeneza mfumo huo wa faili, kazi haijaisha. Ukishapachika tu, uzi wa kerneli unaoitwa ext4lazyinit unaanza kuandika jedwali za inodi, yaani rekodi za taarifa za mafaili, taratibu kwa nyuma. Fungua iotop, inayoonyesha nani anatumia diski, na utauona, hata kama hakuna programu yoyote inayogusa diski. Ukianzisha jaribio dakika hiyo, ext4 inakimbia ikiwa na mzigo ambao XFS haina. Tengeneza kwa -E lazy_itable_init=0,lazy_journal_init=0, au usubiri uzi umalize.

Amri ninayoanzia mimi ni hii:

fio --name=jaribio --directory=/data --rw=randwrite --bs=8k --size=200g --direct=1 --ioengine=io_uring --iodepth=16 --time_based --ramp_time=300 --runtime=1800

8k ni kwa sababu kurasa za hifadhidata ya PostgreSQL zina ukubwa huo. ramp_time inaziacha dakika tano za mwanzo nje ya hesabu. Na io_uring, njia ya kutuma maombi mengi kwa diski kwa pamoja, iliyoingia kwenye Linux 5.1 mwaka 2019, iliandikwa na Jens Axboe, yule yule aliyeiandika fio. Ukiiacha fio itumie psync, njia yake ya kawaida, huku umeweka iodepth=32, idadi ya maombi ya kutumwa kwa pamoja, hiyo 32 haifanyi kitu: kila uzi unatuma ombi moja na kulisubiri. fio yenyewe inakwambia, kwenye mstari wa "IO depths", pale panapoandikwa 1=100.0%. Watu wanauruka mstari huo wakikimbilia IOPS, idadi ya maombi kwa sekunde. NVMe inaruhusu foleni zaidi ya 60,000, na wewe unaipima kwa ombi moja moja.

Haya yote ukiyanyoosha, utashangaa jinsi ext4 na XFS zinavyokaribiana. Kwa hifadhidata, kinachoamua ni fsync, ombi la kuhakikisha data imehifadhiwa kweli. Kila COMMIT, yaani kila muamala unaothibitishwa, inasubiri diski iape kwamba data haitapotea umeme ukikatika. SSD za seva zina kapasita zinazoshika umeme wa kutosha kumalizia kuandika, kwa hiyo zinajibu mara moja. SSD za laptop hazina, inabidi zisubiri data ifike kwenye seli kweli. Hesabu ni rahisi: fsync ikichukua milisekunde 1, muunganisho mmoja hauwezi kupita COMMIT 1,000 kwa sekunde. Ikichukua mikrosekunde 25, dari ni 40,000. Hakuna mfumo wa faili utakaoziba pengo hilo. PostgreSQL inakuja na pg_test_fsync, programu ndogo ya kupima muda huo. Iendeshe kwenye diski yenyewe kabla hujafungua mjadala wowote.

Mfumo wa faili unaanza kuonekana kweli pale unapoandika juu ya data iliyopo. PostgreSQL hutumia tena mafaili yake ya WAL ya MB 16, daftari la mabadiliko yote, kwa sababu kwenye ext4 na XFS kuandika juu ya nafasi iliyokwisha tengwa ni nafuu. Btrfs na ZFS haziandiki juu, zinaandika pembeni, kwa hiyo utaratibu huo hauzisaidii, ndiyo maana toleo la 12 lilileta wal_recycle na wal_init_zero ili uweze kuuzima. ZFS ikiachwa na recordsize (ukubwa wa rekodi) yake ya kawaida ya K 128, kubadilisha ukurasa mmoja wa K 8 kunaweza kugeuka kusoma na kuandika rekodi nzima, mara 16 ya ulichoomba. Anayeipima bila kugusa recordsize kisha akasema ZFS ni nzito, amepima mpangilio wake.

Na wastani usiutegemee. fio inakupa asilimia 99 na 99.9 za muda wa kusubiri, yaani muda ambao ni ombi moja tu kati ya 100, au kati ya 1,000, linauzidi. Huko ndiko mteja anakokaa akitazama simu yake ikizunguka.

Kwa PostgreSQL naweka XFS, na mtu akiweka ext4 sibishani naye. ZFS naiweka penye haja ya kukagua data isioze na kuchukua nakala za papo kwa papo, nikijua kasi nitakayoilipa. Ila bajeti ikiwa ndogo, naanza kwa kununua diski yenye kapasita.