Mbwa Akiuma, Usikimbilie Kumuua: Kuhusu Taarifa za Wanyama Zinazofika Halmashauri

Simu ya kwanza ya siku yangu ya kazi mara nyingi huwa ya mtu aliyekasirika, na mara nyingi hasira yake ni ya haki. Mimi ni daktari wa mifugo katika halmashauri moja ya Tanzania ambayo sitaitaja, na sehemu kubwa ya kazi yangu, kinyume na watu wanavyodhani, si kuchoma sindano bali ni kupokea taarifa: mbwa ameuma mtoto, ng'ombe wamelala barabarani, mzoga umetupwa mtaroni, fisi ameingia zizini. Kwa miaka niliyoifanya kazi hii nimejiridhisha kwamba taarifa nyingi hazikwami kwa sababu ofisi imelala, ingawa kuna siku ofisi hulala kweli, bali kwa sababu zinatufikia wakati nusu iliyo bora ya taarifa hiyo, yaani mnyama mwenyewe, imekwisha kuharibiwa.

Nianze na mbwa, kwa kuwa ndiye anayeripotiwa vibaya kuliko wote. Asubuhi moja uliletwa ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la mtaa: “Kuna mbwa kichaa ameuma watoto huku, halmashauri mko wapi?” Picha iliyoambatana nao ilionyesha mbwa aliyelala kando ya ukuta wa matofali, kichwa kimepondwa kwa mawe hata hakitambuliki. Nilipofika, kabla ya saa sita mchana, vijana walikuwa wamekwisha kumchoma moto pamoja na taka. Hakuna aliyejua mbwa alikuwa wa nani wala alitokea upande gani, na walioumwa walikuwa wawili kwa maelezo ya mmoja na wanne kwa maelezo ya mwingine. Tulizunguka nyumba kwa nyumba hadi jioni tukitafuta watoto ambao huenda hawakuwapo kabisa.

Vijana wale waliamini kwamba wamelimaliza tatizo, kumbe walikuwa wamekifuta kitu pekee ambacho kingetupa jibu. Kichaa cha mbwa huthibitishwa kwa kuchunguza ubongo. Maabara huhitaji kichwa kizima, kilichofungwa vizuri na kuwekwa kwenye barafu, na ubongo uliopondwa, ulioungua au uliooza hauwezi kutegemewa. Mbwa aliye hai ni bora zaidi, maana yeye hutoa jibu bila maabara. Virusi hivi husafiri kwa njia ya neva hadi kwenye ubongo, kisha ndipo huingia kwenye mate, na mbwa ambaye mate yake yamekwisha kuwa na virusi huugua na kufa ndani ya siku chache. Ndiyo sababu tunaomba mbwa au paka aliyeuma afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10 tangu siku ya tukio. Akiifikia siku ya kumi akiwa mzima, anakula na kubweka kama kawaida yake, basi siku aliyouma hakuwa na uwezo wa kuambukiza.

Hapa ni lazima niseme jambo moja kwa msisitizo, kwa kuwa limewahi kueleweka vibaya: aliyeumwa hasubiri siku 10. Jeraha huoshwa papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, bila kulipaka mafuta ya taa, pilipili au dawa ya kubahatisha, na mtu huyo hupelekwa kituo cha kutolea huduma za afya siku hiyo hiyo ili daktari aamue kuhusu chanjo. Mbwa akionekana mzima baada ya siku 10, daktari anaweza kusitisha sindano zilizobaki, na kwa familia inayojilipia nauli na dawa nafuu hiyo si ndogo. Lakini dalili za ugonjwa zikishajitokeza kwa binadamu, kwa kawaida miezi miwili au mitatu baada ya kuumwa na wakati mwingine mapema au baadaye zaidi, karibu hakuna anayepona. Kwa hiyo taarifa ya mbwa aliyeuma inapaswa kwenda njia mbili kwa wakati mmoja, njia ya hospitali na njia ya mifugo, na hakuna njia inayopaswa kuisubiri nyingine.

Najua ni rahisi kuandika “mfungieni mbwa” ukiwa umekaa mezani. Simwambii mtu yeyote amkamate mbwa mkali kwa mikono yake. Mbwa mwenye mwenyewe afungwe na mwenyewe, kwa mnyororo na wala si kwa kamba anayoweza kuitafuna. Mbwa asiyejulikana, akiingia kwenye uwanja wenye ukuta au kwenye jengo ambalo halijakamilika, afungiwe geti tu na watu wakae mbali hadi tufike. Ikitokea kwamba amelazimika kuuawa ili asiendelee kuuma watu, basi asipigwe kichwani, asichomwe wala asifukiwe, na mtu yeyote asimguse mdomoni, kwa kuwa kazi ya kukitoa kichwa ni yetu.

Nani aambiwe? Wengi humpigia diwani, diwani hunipigia mimi, na katika safari hiyo jina la mtaa hubadilika mara mbili. Mwenyekiti wa mtaa au wa kitongoji ni vyema ajue, kwa kuwa anawafahamu watu wake na atajua mbwa ni wa nani, lakini yeye ni kiongozi wa kuchaguliwa. Aliyeajiriwa na halmashauri kwa ajili ya kuandika na kupeleka mambo mbele ni mtendaji, wa mtaa au wa kijiji na juu yake wa kata, na katika kata nyingi yupo pia afisa mifugo ambaye wananchi bado wanamwita bwana mifugo hata akiwa mwanamke. Ukiwa na namba ya simu ya watu hawa wawili, mtendaji na afisa mifugo wa kata, huna haja ya kuulalamikia ulimwengu mzima mtandaoni. Kundi la WhatsApp linafaa kwa kuwatahadharisha majirani, ila si mahali pa kutolea taarifa, kwa sababu saa moja baadaye ujumbe wako umekwisha kufunikwa na matangazo ya msiba na ya mchango wa harusi.

Kuhusu maneno yenyewe, nitanukuu ujumbe mmoja ambao mama mmoja anayeuza maandazi alinitumia, nikiondoa majina tu: “Habari za asubuhi daktari. Leo saa kumi na mbili na nusu mbwa wa kahawia, dume, ana kovu sikio la kushoto, amemuuma mjukuu wangu wa miaka saba mguuni nyuma ya msikiti. Hakuchokozwa. Mbwa ni wa fundi cherehani, kadi ya chanjo hana. Mtoto tumemwosha na mama yake ameshampeleka kituo cha afya. Mbwa tumemfungia kwenye choo kisichotumika.” Sikuhitaji kumuuliza swali hata moja. Kuna mahali, saa, umbile la mnyama, mwenye mnyama, habari ya chanjo, na kuna lile neno ambalo watu wengi hulisahau: hakuchokozwa. Mbwa aliyekanyagwa mkia ana sababu ya kuuma, lakini mbwa anayemuuma mtoto apitaye njia yake, tena kwa mara ya kwanza maishani mwake, ananitia wasiwasi zaidi.

Mzoga nao una makosa yake. Mfugaji akikuta ng'ombe amekufa ghafla, huku damu isiyoganda ikitoka puani au sehemu ya haja kubwa, tumbo likivimba haraka na mwili ukikawia kukakamaa, anachopaswa kushuku ni kimeta. Kwa bahati mbaya kisu ndicho hufika kabla ya taarifa. Nyama ya kibudu huuzwa kwa bei ya kutupa, majirani hugawana, na siku chache baadaye vidonda vyenye kovu jeusi huanza kuonekana mikononi mwa waliochuna. Mzoga usiopasuliwa unabaki na vimelea wengi ndani, ambako wanashindana na uozo na kufa. Mzoga uliopasuliwa huwakutanisha na hewa, nao hujigeuza kuwa mbegu ngumu zinazoweza kukaa udongoni kwa miongo kadhaa. Taarifa bora ya mzoga, kwa hiyo, ni ile inayosema: amekufa, hatujamgusa, mbwa na watoto tumewazuia, njooni. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inamtaka mfugaji atoe taarifa za magonjwa ya aina hii, lakini kwa uzoefu wangu watu hawanyamazi kwa kutojua sheria. Wananyamaza kwa kuogopa karantini itakayofunga mnada. Hofu hiyo naielewa, na sina jibu jepesi la kumpa mtu ambaye ada ya shule ya mtoto wake imesimama juu ya miguu minne ya ndama.

Mbuzi mmoja akitupa mimba, hilo ni jambo la mwenye mbuzi. Mbuzi na kondoo wakitupa mimba kwa wingi katika maboma kadhaa ndani ya wiki moja, hasa baada ya mvua kubwa na mafuriko, hiyo huenda ni homa ya bonde la ufa, nayo ni habari ya halmashauri siku hiyo hiyo. Mlipuko wa ugonjwa huo wa mwaka 2006 na 2007, ulioua watu na mifugo nchini Kenya na Tanzania, ulifuata mvua za namna hiyo.

Ng'ombe na mbuzi wanaozurura mjini, banda la nguruwe linalonuka dirishani pako, punda anayebebeshwa mzigo kuliko uwezo wake huku akiwa na vidonda mgongoni: haya yote yana pa kupelekwa, nayo nitayapita haraka. Uzururaji wa mifugo huongozwa na sheria ndogo za halmashauri husika, na mtendaji ndiye mlango wake. Harufu na uchafu wa banda ni vya afisa afya. Punda analindwa na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ambayo wapo hata watumishi wenzangu wasioikumbuka, kwa hiyo usione haya kuitaja.

Wanyamapori ni idara nyingine kabisa. Tembo akila shamba au mamba akimjeruhi mtu mtoni, baada ya serikali ya kijiji anayehusika ni afisa wanyamapori wa wilaya. Yapo malipo ya kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa kifo au jeraha, kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2011, na majina hayo yenyewe yanakwambia kwamba hiyo si fidia ya thamani yote iliyopotea. Makosa ninayoyaona hapa yanafanana na ya mbwa aliyechomwa: mkulima aliyevunjika moyo hung'oa mabua yaliyokanyagwa na kupanda upya kabla ya tathmini, nyayo zikafutika, kisha mthamini akakuta shamba safi. Acha mabua yalale yalivyolala, piga picha zinazoonyesha nyayo pamoja na kitu cha kulinganishia ukubwa, hata kandambili, na uwaite majirani waone.

Sasa deni la upande wetu. Pikipiki ya idara hukosa mafuta, simu huzimwa, na mtu huambiwa aje kesho na keshokutwa. Kama jambo lako si la dharura, liandike kwa barua yenye nakala mbili, ipeleke masjala, na nakala yako igongwe muhuri wenye tarehe. Kama ni la dharura, piga simu kwanza, kisha hakikisha mtendaji ameliandika kwenye daftari mbele yako. Kitu kisicho na tarehe ni rahisi kukanushwa, nami nimewahi kuwa kwenye kikao ambacho taarifa ya kweli kabisa ilikanushwa kwa sababu hiyo.

Yule mama wa maandazi sikulazimika kumkumbusha. Kila asubuhi alimsukumizia mbwa ugali na maji chini ya mlango wa choo, akanitumia neno moja tu, “mzima”, na siku ya kumi alinipigia kuuliza kama sasa anaweza kumrudishia fundi mbwa wake, kwa sababu amebweka usiku kucha na wapangaji wanalalamika.