Majani ya mzeituni na presha ya mama wa Sakina

Juzi kaja mama mmoja mtu mzima wa huku Sakina, Arusha, kabla sijamaliza shikamoo kashamwaga majani makavu juu ya kaunta ya famasi. Mwanangu, haya ni ya oloirien, ule mzeituni wetu wa porini, nachemsha asubuhi na jioni, sasa vile vidonge vya presha si niache tu?

Nikatafuna jani moja. Chungu balaa.

Uchungu wa mzeituni kwa sehemu kubwa ni kemikali inaitwa oleuropeini, waliigundua watafiti Bourquelot na Vintilesco mwaka 1908, na kwenye majani ipo nyingi kuliko kwenye mafuta. Mti wenyewe hauna habari na presha ya mtu, ile ni silaha yake, oleuropeini inakaa upande mmoja wa seli na enzaimu yake upande mwingine, mdudu akitafuna vinachanganyika na kinachotokea kinagandamana na protini za jani mpaka mdudu hapati lishe ya maana. Mimi hapo ndo huwa napapenda kuliko habari zote za kapsuli.

Tukila sisi inavunjika, tunapata hidroksitairosoli, na hiyo ndo antioksidanti inayosifiwa, inatoa haidrojeni yake kutuliza radikali huru, yaani zile molekuli korofi, kabla hazijaoksidisha mafuta kwenye damu. Ulaya mwaka 2011 mamlaka yao ya usalama wa chakula ilikubali hilo lisemwe, ila kwa mafuta ya zeituni, miligramu 5 za hidroksitairosoli na ndugu zake kwenye gramu 20 za mafuta kwa siku. Majani hayamo.

Haya, presha. Indonesia 2011 wagonjwa wa presha ya hatua ya kwanza walipewa dondoo ya majani, yaani dawa iliyokamuliwa kwenye majani, miligramu 500 mara mbili kwa siku, wiki 8, namba ya juu ikashuka kama 11 na nusu, wenzao waliopewa kaptoprili, kidonge cha presha, kama 13 na kitu. Sio mchezo! Ila New Zealand 2013 wanaume 46 wanene wa makamo walitumia dondoo wiki 12, insulini yao ikafanya kazi vizuri zaidi kwa asilimia 15 hivi, presha haikusogea. Hao hawakuchaguliwa kwa kuwa na presha, na dozi haikuwa ile ile, kwa hiyo mimi sioni kama wanapingana sana.

Shida yangu ni sufuria ya mama. Dondoo imepimwa, majani ya kuchemsha nani kapima? Halafu oloirien ni mzeituni mwitu, sio ule wa Ugiriki, na watafiti wa Afrika Kusini mwaka 2003 walipowapa panya wenye presha ya chumvi vitu vya majani ya mwitu, walikuwa wanafuatilia triterpeni, kemikali nyingine za jani, sio oleuropeini. Na ukichanganya na vidonge vya presha au vya sukari unaweza ukashuka mpaka kizunguzungu.

Nikampima. 158 kwa 96, chai kanywa asubuhi, vidonge hajagusa siku nne. Nikamwambia mama, vidonge virudi leo leo, na kliniki uwaambie kabisa kuhusu hii chai, usiwafiche. Akanuna kidogo, akauliza, na kibuyu cha maziwa nisifukize kwa moshi wa oloirien? Hicho fukiza tu mama, hapo sina ugomvi na oloirien.